Dakika Hamsini na Mbili Hadi Kwao

Mama aliukanda unga wa asubuhi ile kwa nguvu za mtu mwenye kesi. Aliusukuma kwa viganja, akaukunja, akaugeuza, akaubwaga, na kila ulipotua mezani saa ya chuma iliyokaa kwenye rafu ilitikisika na kengele yake ikalia kidogo, kama mtu anayeguna. Binti yake alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, viatu mkononi, akingoja kujua kama safari bado ipo au imevunjika usiku.

"Unanitazamia nini?" Mama akamuuliza bila kugeuka. "Nilisema nitakwenda, nitakwenda. Nimeoga tangu jua halijatoka."

Moyo wa binti ukarudi mahali pake. Akaviweka viatu chini, akaanza kuvivaa.

Mama alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya bati lililotoboka sehemu mbili, na maduka matano ya mtaa ule yalimtegemea. Lakini unga wa leo hakuukandia maduka. Wenye maduka walishaambiwa mkate utafika jioni. Huu aliukandia safari. Alitia hamira kidogo, akapima kwa jicho lake la miaka ishirini na saba, akaulaza kwenye beseni la bluu na kuufunika kwa kitambaa chenye maji. Kisha akamgeukia shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye binti alimwita Baba Mdogo, alikuwa ameketi pale pale jikoni, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu yote miwili ndani ya karai la maji ya chumvi.

"Shemeji, kazi yako ni kuutazama huu unga," Mama akamwambia. "Nimeupimia. Saa tatu na dakika tano utakuwa umefika kwenye ukingo wa beseni. Na mimi wakati huo niwe nimefika huko wanakosema. Unga ukinitangulia, hao watoto ni waongo, na maneno yameisha."

Baba Mdogo akautazama unga, akaitazama miguu yake. Akasema kazi ya kukaa ameiweza, mradi asitumwe popote.

Miguu ile ndiyo iliyoleta matata yote. Lakini hata miguu isingevimba kama watu wa viwanja vya ndege wangekuwa wanaongea kama watu wengine.

Binti alikuwa mpima mizigo wa kiwanja kidogo kilichokuwa mwisho wa mtaa wao, na kazini walimwita Mizani. Ndege iliyokuja pale ilikuwa ya viti kumi na viwili, na ndege ya namna hiyo haitaki kubahatisha. Kila abiria alisimama juu ya mizani, mkoba wake ukafuata, na yeye akaandika kilo zote kwenye karatasi. Ndege ikiruka, alinyanyua simu ya mezani akapiga kiwanja cha pili, ng'ambo ya milima, akasoma: imeondoka saa fulani, watu kadhaa, kilo kadhaa. Ikitua kule, mpokeaji alipiga kurudisha jibu: imefika, watu kadhaa, wote wazima. Kati ya simu ya kwanza na simu ya pili zilipita dakika hamsini na mbili. Zilikuwa kilometa mia mbili na arobaini za hewani, milima ikiwa chini.

Mpokeaji wa kule alikuwa kijana ambaye kila mara akishika simu alisema, "Ng'ambo hapa," na jina likamganda. Kwa miezi minane Mizani alimjua Ng'ambo kwa sauti tu. Walikuwa hawana maneno zaidi ya namba. Siku moja, baada ya kusema wote wazima, akaongeza kwamba yule mpima mizigo wa bondeni leo anasikika ana mafua, na anywe kitu cha moto. Siku nyingine akauliza kama ameshakula. Hadi siku aliyopata likizo, akashuka mwenyewe kwenye ile ndege, mrefu, shati limenyooshwa vizuri isipokuwa kola, akaenda moja kwa moja kwenye mizani akasimama. Mizani akaangalia mshale, halafu akamwangalia mtu.

"Kilo sitini na nane," akasema.

"Niandike," kijana akajibu kwa sauti ile ile, na Mizani akashindwa kuandika.

Baada ya hapo alikuja mara tatu, na mara ya tatu alikuja na posa. Alipokelewa sebuleni, akanywa chai, akajibu vizuri kila alichoulizwa. Ndipo Baba Mdogo akamuuliza kwao ni mbali kiasi gani. Kijana akajibu hapo hapo, kama anavyojibu simu, "Dakika hamsini na mbili, upepo ukikubali."

Mizani alikuwa kwenye mlango wa jikoni akasikia, na hakuona ajabu yoyote. Hata yeye angejibu vile vile. Kwao wawili hakukuwa na umbali mwingine duniani.

Wazee wakafurahi. Dakika hamsini na mbili ni karibu, ni mwendo wa kwenda kusalimia na kurudi. Ikakubaliwa Baba Mdogo aende kupaona kwa kina kijana, na kwa kuwa hajawahi kupanda ndege na hakuwa na nia ya kuanza, alikwenda stendi ya mabasi Jumatatu asubuhi akiwa na gazeti na leso. Alimwambia mkewe amwekee chakula cha mchana.

Alirudi Jumamosi. Barabara ilizunguka milima yote, kilometa mia saba na hamsini, siku mbili za kwenda na siku mbili za kurudi, na usiku wa katikati mnalala kwenye viti. Alisema alimuuliza kondakta mnafika saa ngapi, kondakta akamwambia kesho jioni, naye akacheka sana, akampiga begani akamwambia kijana unapenda utani. Giza lilipoingia na basi bado linapanda, ndipo alipoacha kucheka. Nyumba ya kina kijana aliiona, ni nyumba safi, mama mtu ni mkarimu. Lakini yeye hakwenda kutazama usafi. Alikwenda kutazama dakika hamsini na mbili, na hakuziona.

Mama hakupiga kelele siku ile. Angepiga kelele binti angepata nafuu. Alikaa tu kwenye kiti chake, mikono mapajani, unga umemkaukia kwenye kucha, akasema, "Umenidanganya mwanangu. Na unajua kwa nini siwezi kudanganywa kwa jambo hili."

Binti alijua. Mama alikuwa ameolewa mbali. Mama yake mzazi alipougua akatumiwa habari, akasafiri siku mbili na nusu mchana na usiku, akafika nyumbani akakuta watu wanabeba viti. Vilikuwa viti vya kuazima, vya msiba, vinarudishwa kwa majirani. Msiba ulikuwa umekwisha. Alisimama njiani na mzigo wake kichwani akawapisha wenye viti wapite. Tangu hapo aliapa kwamba binti yake ataolewa na yeyote anayempenda, awe na sura yoyote, ila awe mahali ambapo mtu anaweza kufika kabla viti havijarudishwa.

Mizani alieleza. Alichora ramani kwenye mfuko wa unga, milima hapa, barabara huku inazunguka, ndege huku inakata. Mama alisema yeye hesabu ya umbali anaijua kwa miguu ya shemeji yake. Siku tatu wakapikiana bila kusemezana. Siku ya nne, wakati binti anafunga vifungo vya sare aende kazini, Mama akauliza kama anaongea na tanuri, "Ile tiketi ya mzazi, unayopewa kila mwaka na hatuitumii, bado ipo?"

Ndiyo maana asubuhi hii walikuwa wanatembea pamoja kuelekea kiwanjani, Mama mbele. Alivaa gauni lake la harusi za watu na sweta juu yake. Ndani ya mkoba alitia mkate mmoja, chupa ya maji, khanga ya kujifunika, na ile saa ya chuma ya kwenye rafu. Saa hiyo mumewe aliinunua siku walipowasha tanuri kwa mara ya kwanza, na mkate wote uliowahi kutoka nyumba ile ulitoka kwa ruhusa yake. Mama hakuamini saa ya simu, na leo hasa hakutaka kuamini saa ya kiwanja.

Alipofika kwenye mizani akasita. Abiria wengine kumi walikuwa wamepanga mstari, wanatazama.

"Mimi si gunia," akasema kwa sauti ya chini.

"Hata rubani anapimwa, Mama."

"Rubani analipwa." Lakini akapanda, akaangalia ukutani wakati mshale unatafuta mahali pa kusimama. Kilo sabini na mbili. Mkoba, kilo nne na nusu. Mama akataka kujua saa peke yake ina uzito gani, kwa kuwa siku zote aliona inamvuta bega. Wakaiweka juu ya mizani, ikaonyesha kilo moja barabara. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo, akairudisha mkobani.

Binti alimfunga vifungo vya sweta ingawa Mama alikuwa na mikono yake. Alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia kwamba akirudi na jibu la hapana yeye hatatoroka, hatagoma kula, ataendelea kupima mizigo na kupiga simu mara tatu kwa wiki na kuisikia ile sauti ikisema wote wazima, na kwamba hicho ndicho kinachomtisha, kuisikia mpaka uzeeni.

"Ukikaa, funga mkanda," akasema.

"Nitafunga," Mama akajibu. Akaenda, mdogo chini ya bawa la ndege, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Iliruka saa mbili na dakika kumi. Mizani aliifuata kwa macho hadi ikawa nukta, kisha mawingu yaliyokuwa yamekaa juu ya milima yakaifunika. Akanyanyua simu.

"Ng'ambo hapa."

"Imeondoka saa mbili na kumi. Watu kumi na mmoja. Kilo..." Macho yakapoteza mstari. Akasoma upya. Upande wa pili ukangoja bila kuharakisha, hadi alipomaliza namba zote.

"Yuko kiti cha ngapi?" Ng'ambo akauliza.

"Cha tatu. Dirishani."

"Nimepiga pasi kola," akasema, na Mizani akacheka machozi yakiwa karibu.

Alifuta mizani. Alipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Saa tatu kasorobo alikuwa anajua ndege iko juu ya bonde la pili, kama alivyojua kila safari, isipokuwa siku nyingine hakuwahi kulifikiria bonde lenyewe, kina chake na mawe yake. Saa tatu kamili akaukumbuka unga. Saa tatu na dakika mbili akaweka mkono juu ya simu.

Simu haikulia.

Saa tatu na saba. Saa tatu na kumi. Mfanyakazi mwenzake, mwanamke mnene wa kaunta ya tiketi, akamletea chai akaiweka mbele yake. Kulikuwa na utaratibu: dakika thelathini zikipita baada ya wakati wa kufika na simu haijapigwa, unapiga ofisi kubwa. Leo ingekuwa saa tatu na thelathini na mbili. Kwa miaka minne hajawahi kuifikia dakika hiyo. Namba ya ofisi kubwa ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu ukutani, na leo ndiyo kwanza aliona kwamba wino umeanza kufifia, tarakimu ya mwisho ni sita au ni sifuri, mtu hawezi kujua.

Saa tatu na kumi na tano. Ndipo alipomwelewa mama yake, siyo kwa akili, kwa tumbo. Akaelewa siku mbili na nusu za kutojua. Yeye alikuwa ana dakika kumi na tatu tu na tayari amekunja karatasi ya mizigo mpaka imekuwa ndogo kama kidole.

Saa tatu na ishirini na moja simu ikalia, na akainyanyua kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Imefika," Ng'ambo akasema. Alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Watu kumi na mmoja. Wote wazima. Rubani amezunguka mawingu upande wa kusini, ndiyo maana. Wote wazima, Mizani. Na mmoja wao amenishika mkono, hajauachia tangu nilipomteremsha."

Mizani akakaa chini. Hakukuwa na kiti pale, akakaa juu ya mizani yenyewe, mshale ukapanda. Yule mwenzake wa kaunta akamwona uso, akachukua chai aliyomletea akainywa yeye.

Kisha sauti ya Mama ikaja, kubwa, kama mtu anayeita kutoka uani. "Dakika sabini na moja. Ninyi mlisema hamsini na mbili."

"Mawingu, Mama."

"Mawingu nimeyaona. Yalikuwa yananigusa dirishani. Mpigie shemeji, muulize unga." Simu ikakatwa.

Baba Mdogo alieleza kwamba unga ulifika ukingoni saa tatu na dakika tano kama ulivyoagizwa, akauambia usubiri, haukusubiri. Sasa umemwagikia mezani. Ameitoa miguu yake kwenye karai kwa ajili yake, ameupiga ngumi ukanywea, na anaomba kujua ngumi ngapi zinatosha. Halafu akauliza kwa sauti nyingine kama kweli shemeji amefika. Mizani akamwambia amefika, dakika sabini na moja. Mzee akaanza kuhesabu.

"Mimi dakika ya sabini na moja," akasema mwishowe, "basi lilikuwa bado halijatoka stendi."

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko siku zote za mwaka. Ndege ilikuwa inaendelea mbele hadi mji wa tatu, kisha inarudi ng'ambo alasiri, inamchukua Mama na kuja. Kwa hiyo Mama alikuwa na saa tano za kukaa kwa watu, na Mizani alikuwa na saa tano za kujiuliza dakika kumi na tisa zilizozidi zina uzito gani. Unga ulimtangulia. Maneno yalikuwa yamesemwa mbele ya shahidi. Mama yake hakuwa mtu wa kurudi nyuma kwa neno alilolisema.

Saa nane na nusu simu ikalia.

"Imeondoka saa nane na nusu," Ng'ambo akasoma, sauti ya kazi kabisa. "Watu tisa. Kiti cha tatu, mama mmoja, kilo sabini na mbili. Mkoba, kilo mbili na nusu."

Mizani aliandika, kalamu ikasimama. Akavuta karatasi ya asubuhi akainyoosha. Mkoba ulikwenda na kilo nne na nusu. Mkate ni nusu kilo, umebaki kule, sawa. Maji nusu kilo, yamenyweka. Ilitakiwa irudi kilo tatu na nusu.

"Kuna kosa," akasema. "Rudia mkoba."

"Kilo mbili na nusu."

"Kilo moja haipo."

"Nimepima mara mbili," Ng'ambo akasema taratibu. "Na mimi nilifikiri mizani yangu imeharibika. Haijaharibika."

Mizani aliufunga mkono wake juu ya karatasi. Kitu kimoja tu ndani ya mkoba ule kilikuwa na uzito wa kilo moja barabara, na alikuwa amekipima mwenyewe asubuhi. "Saa," akasema. "Ameisahau kwenu?"

"Hakuisahau. Alimuuliza mama yangu jikoni kuna rafu. Akaonyeshwa. Akaifuta vumbi kwa khanga yake, akaiweka juu, akaitia ufunguo mpaka mwisho. Mama yangu akamwambia hii ni zawadi kubwa, hatuwezi kuipokea. Akasema si yenu. Akasema ni ya mwenyewe, yuko njiani anakuja, isimkute haijatiwa ufunguo."

Mizani alitaka kujibu, kulikuwa na utaratibu wa kujibu, unasema nimepokea. Alikuwa anasikia pumzi za Ng'ambo na nyuma yake mlango unagongwa na upepo.

"Umepokea?" Ng'ambo akauliza.

"Nimepokea," akasema. "Nimepokea, baba wee, nimepokea."

Ilitua saa tisa na dakika ishirini na mbili, haikuzidi hata moja. Mama alishuka ngazi kinyumenyume kama anayeshuka dari, akajinyoosha gauni, akaja. Binti alikwenda kumpokea mkoba, na ukawa mwepesi mkononi, na wepesi ule ukamliza pale pale mbele ya abiria. Mama akamwacha alie kidogo. Kisha akamfuta uso kwa upande safi wa khanga, akasema wasizuie njia.

Walitembea polepole kurudi. Mama alisimulia kwa mpango wake, akianza na ukubwa wa sufuria za kule na jinsi mama mtu anavyokata mkate, vipande vinene, mtu asiye na ubahili. Mizani alimwacha afike mwenyewe.

"Nilimuuliza swali moja huyo kijana wako," Mama akasema walipofika kwenye kona ya duka la vipuri. "Nikamwambia, siku milima imefungwa na mawingu, na mimi ninaumwa, itakuwaje? Nilijua ataniambia Mama usijali. Wote husema Mama usijali. Hata baba yako aliniambia."

"Akasema nini?"

"Akaniletea daftari. Akasema mwaka jana ndege haikuja siku tisa. Zote ameziandika, na tarehe. Akasema siku hizo ni basi, siku mbili, na huenda asinifikishie binti yangu kwa wakati, na hawezi kunidanganya. Akasema ile siku ya posa alijibu kama mpumbavu, anaomba radhi kwangu, na anaomba radhi kwa miguu ya shemeji." Mama akasimama kupumua. "Mama yangu alipougua, mwanangu, hakuna aliyekuwa ameniambia ubaya wa njia. Niliambiwa ni karibu tu. Ningejua, ningeondoka siku ya kwanza ya homa. Mtu anayeandika siku mbaya kwenye daftari, huyo akiniambia nifike, nitakuwa najua niondoke lini."

"Na unga, Mama? Ulikutangulia."

"Unga hauna mawingu," Mama akasema, akaanza kutembea tena.

Nyumbani Baba Mdogo alikuwa ameuoka. Hakuna aliyemtuma. Mikate kumi na nne ilikuwa juu ya meza, mmoja umeinamia kushoto, mwingine umepasuka katikati, mingine imeshikana mabega kama watu kwenye picha. Yeye mwenyewe alikuwa na unga hadi kwenye nyusi, na amesahau kabisa kuchechemea. Mama akaizunguka meza, akabonyeza mmoja kwa kidole, akaunusa, akasema hii maduka hayataipokea. Kisha akaukata ule uliopasuka vipande vinene, mara mbili ya vile alivyozoea, akampa shemeji yake cha kwanza.

"Huyo kijana anakusalimu," akamwambia. "Anasema safari ijayo upande ndege."

"Mwambie nitaifikiria," Baba Mdogo akasema mdomo ukiwa umejaa. "Kwa dakika hamsini na mbili."

Mizani alicheka hadi akashika ukuta. Mama naye akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza tangu shemeji arudi na miguu iliyovimba. Halafu, kwa mazoea, akainua macho kwenye rafu aone kama muda wa kuwasha tanuri tena umefika. Pale ilipokuwa saa kulibaki duara safi, na kuzunguka duara lile vumbi jeupe la unga wa miaka ishirini na saba.

Akaliangalia duara hilo muda mrefu kidogo. Hakulifuta.

"Siku utakayoondoka," akamwambia binti yake, "mtu mwingine asiguse ile simu ya kiwanjani. Mimi ndiye nitakayempigia kijana niseme imeondoka. Halafu nitakaa juu ya hiyo mizani yenu, nitangoja unijibu."

"Nitajibu, Mama. Dakika ya hamsini na mbili."

"Hata ya sabini na moja," Mama akasema, akamsogezea mkate. "Kula. Umepungua, naona bila kukupima."